Mlimau wa Mama Makopo

Mama Makopo aliniambia atafika saa nne asubuhi. Ilipofika saa tatu na nusu nilikuwa nimeshafagia njia mara mbili, nimenyoa ndevu upya, na nimemfukuza paka wa jirani juu ya tuta la vitunguu kama vile paka naye alikuwa amealikwa kuja kuniaibisha.

Miaka thelathini na mmoja nilikuwa msoma mita za maji. Kazi ya msoma mita ni kuingia kwenye nyumba za watu bila kukaribishwa ndani. Unabisha geti, unabwekewa na mbwa, unainama kwenye kichochoro penye bomba, unaandika tarakimu, unatoka. Bustani za mji huu nimezitazama kuliko wenyewe walivyozitazama. Naijua nyumba ambayo mume alikuwa akimwagilia maua asubuhi na mke akiyamwagilia tena jioni, kwa sababu walikuwa hawasemeshani na kila mmoja alidhani mwenzake hajayajali. Yale maua yalioza. Jioni nami nilirudi kwenye vyumba viwili vya kupanga, dirisha likitazama ukuta.

Ndiyo maana nilipopata nyumba yangu mwenyewe nikawa kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Huu ni mwaka wa nne, na bado nikiamka naizunguka kabla sijanawa uso. Nagusa kuta. Nina matuta sita ya mboga. Nyanya nazifunga kwenye fito kwa vipande vya mashati yangu ya kazi. Nina waridi kandokando ya njia, na mpira wa maji unaofika mpaka uzio wa nyuma. Mita yangu naisoma kila Jumapili, ingawa hakuna anayenituma. Naisoma taratibu, kama barua ya mchumba.

Mke wangu hakuiona nyumba hii. Alibeba matofali ya msingi kichwani, likizo mbili mfululizo, akafariki kabla paa halijapandishwa. Siku moja, kiwanja kikiwa bado majani matupu, alikanyaga ardhi kwa kisigino mahali ambapo mlango wa jikoni ungekuja kuwa, akasema, "Hapa nitaweka mti. Nikichambua mboga nikae kivulini." Hakusema mti gani, wala mimi sikumuuliza. Mahali pale hapajawahi kupandwa kitu. Napalilia, nafagia, napita pembeni.

Mama Makopo nilimkuta kazini, mwaka wangu wa mwisho. Anafua mashuka hospitalini, na wakati huo alikuwa amepanga chumba kwenye nyumba ya wapangaji sita wanaotumia mita moja. Nilipoingia uani nilikuta kesi inaendelea.

"Afadhali umekuja," mwanamume mmoja akaniambia. "Wewe ndiye mtaalamu. Tuambie, makopo ya huyu mama yanakunywa maji kiasi gani? Kila mwezi tunalipia msitu wake!"

Mlangoni kwake mimea ilikuwa imejipanga kama wanafunzi: kopo la maziwa ya unga, kopo la mafuta, beseni lililopasuka, sufuria isiyo na mkono. Mwisho wa mstari palikuwa na ndoo ya rangi ya lita ishirini, na ndani yake mlimau uliomfikia kifuani. Mwenyewe alisimama pembeni na mikono kiunoni, akingoja hukumu.

Niliinama, nikasikiliza bomba. Kisha nikaenda hadi chooni kwao nikawaonyesha tangi linalovuja usiku na mchana. "Msitu wenu ni huu," nikasema. Mama Makopo akacheka mpaka akashika ukuta. Kicheko kile kilinifuata mpaka nyumba ya tatu mbele, nikaandika tarakimu za watu kimakosa kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi.

Mwezi uliofuata nilimuuliza kwa nini hapandi ardhini.

"Ardhi ya nani?" akanijibu. "Mwenye nyumba akiniambia hama, ndoo naibeba. Ardhi nitaibebaje, Mita?"

Tangu siku hiyo akawa ananiita Mita. Nami nikawa napitia pale hata mwezi usio wa kusoma.

Miaka mitatu nilimzunguka hivyo, kabla na baada ya kustaafu. Nilipomwambia nataka kumwoa, hakuuliza nyumba ina vyumba vingapi. Aliuliza jambo moja.

"Mlimau wangu nitaupanda?"

"Utaupanda."

"Ardhini?"

"Ardhini. Popote utakapochagua."

Hilo neno "popote" nililitoa mimi, kwa kinywa changu, sikushikiwa kisu.

Ndoa yetu ilikuwa imebaki wiki mbili. Tulikubaliana mimea itangulie, ipate kuzoea. Nilichokuwa sijakipanga ni binti yangu. Yeye ni mwalimu wa hesabu, ana watoto wawili na mume mpole. Asubuhi ile alikuja bila kuarifu, na mfuko wa madaftari ya kusahihisha.

"Nyumbani kwangu kuna kelele," akasema, akakaa kwenye meza ya jikoni, kiti kinachotazama dirisha. Hakufungua daftari hata moja.

Kaka yake anaishi mbali na amezoea kutoa maoni kwa simu. Huyu dada yake hutoa maoni ana kwa ana.

"Baba, mimi sikukatazi kuoa," aliwahi kuniambia. "Mtu mzima huwezi kumkataza. Nakuomba tu usiwe na haraka."

"Nina miaka sitini na sita, mwanangu. Nikipunguza mwendo zaidi ya huu nitasimama."

Hakucheka siku ile. Na asubuhi hii alikuwa hajacheka bado.

Pikapu ilifika saa nne kasorobo. Dereva alishuka, akatazama makopo yaliyojaa nyuma, akanitazama mimi.

"Mzee, hongera. Naona umeoa shamba zima."

"Shusha taratibu," nikamwambia. "Hao ni mashemeji zako."

Mama Makopo alikuwa amekaa nyuma, juu ya gunia, ameukumbatia mlimau njia nzima usivunjike matawi. Alikuwa na majani nyweleni. Alipewa mkono na dereva akaukataa, akaushika wangu.

"Mita, geti lako linalia."

"Linakuimbia."

"Basi lina sauti mbaya. Litie mafuta."

Binti yangu alitoka mpaka kizingiti cha jikoni. "Shikamoo," akasema. Aliamkia vizuri, kwa adabu, lakini neno "mama" ambalo huwa linafuata hakulitoa. Mama Makopo alilisubiri kidogo, kisha akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Samahani kwa uchafu, nimekuja na ukoo wangu wote."

Kisha akaniomba nimzungushe. Nimewahi kuona watu wakionyeshwa majumba makubwa, lakini sijaona mtu akitembea kwenye kiwanja kama alivyotembea yeye. Alivua ndala. Alichukua udongo akausugua kati ya vidole, akaunusa, akautupa akachukua mwingine. Alizicheka nyanya zangu kwa kuvalishwa mashati. Aliziona waridi, akagusa ua moja kwa mgongo wa mkono, namna anavyogusa mtu paji la uso la mgonjwa. Nilitembea nyuma yake nikitazama visigino vyake vyenye vumbi langu, na nikajiambia kwamba mtu anaweza kufika uzeeni ndipo akapewa alichokuwa anaomba ujanani, na bado kikamtosha.

Tukafika mlango wa jikoni. Akasimama.

"Hapa," akasema. "Hapa ndipo penyewe. Jua la asubuhi linapata, upepo unazuiwa na ukuta, na maji ya kuoshea vyombo yatafika yenyewe. Udongo umelainishwa kabisa! Mbona ulipaacha wazi, Mita?"

Nilipaswa kusema pale pale. Maneno yenyewe hayakuwa mengi. Lakini alikuwa amenigeukia, uso wake wote umefunguka, na mimi nikataka kumpendeza.

"Palikuwa panakusubiri wewe," nikasema.

Nilisikia kiti cha jikoni kikisukumwa.

Mama Makopo alikuwa ameshachukua jembe langu ukutani. Alipiga mara moja, mbili. Udongo uliinuka mweusi, kama mkate wa moto ukimegwa. Mara ya tatu binti yangu alikuwa amesimama mbele yake.

"Naomba usichimbe hapo."

Mama Makopo akateremsha jembe. "Kuna bomba?"

"Kuna mwenyewe." Sauti yake ilikuwa ya darasani, ya chini, iliyonyooka. "Hapo mama yangu alichagua mwenyewe, kwa mguu wake. Baba anajua. Baba, panamsubiri nani hapo? Rudia, nimesikia vibaya."

Sikurudia.

Mama Makopo alinitazama. Sijui nilikuwa na uso gani, ila aliusoma wote, mstari kwa mstari. Akalaza jembe chini, akapiga magoti, akaanza kuurudisha udongo kwa mikono. Aliusawazisha kwa viganja, polepole, hadi alama ya jembe ikapotea.

"Nisamehe, mwanangu," akamwambia binti yangu. "Sikuambiwa. Ningeambiwa, hapa ningepapalilia mimi mwenyewe, na nisingekanyaga na viatu." Akainuka, akajipangusa. "Kiwanja ni kikubwa. Nitachagua pengine. Kule kwenye uzio wa nyuma pananitosha."

Mambo yangeweza kuishia hapo. Mwanamke alikuwa amepiga magoti na ameomba radhi kwa kosa lisilo lake. Kilichobaki kilikuwa mimi kusema, "Chagua." Nilifungua kinywa, binti yangu akaniwahi.

"Hata kule, kwa sasa, naomba tusubiri."

"Tusubiri nini?" nikamuuliza.

"Baba, mboga ni mboga. Unapanda, unakula, unang'oa. Mti si hivyo. Mti ukishashika, aliyeupanda amekaa. Mama alibeba tofali la nyumba hii kwenye utosi mpaka nywele zikakatika hapa katikati, mimi ndiye niliyekuwa namsuka, nilipaona. Hakulala humu hata siku moja. Kaka na mimi tumezungumza. Ndoa fungeni. Aje akae. Lakini mti…" Akasita. Nadhani alijisikia mwenyewe jinsi ilivyokuwa ikisikika. "Si uko kwenye ndoo? Ubaki kwenye ndoo kwanza. Haudhuriki."

Dereva, aliyekuwa anashusha beseni, alilishikilia hewani.

Ndipo mimi, mtu niliyesifiwa kazini kwa kusuluhisha wapangaji na wenye nyumba, nikapata suluhu. Nikaiona nzuri kabisa. Ingewafaa wote wawili.

"Sikilizeni," nikasema. "Tufanye hivi. Mlimau tuuweke hapa hapa mlangoni, na ndoo yake. Kivuli kitakuwepo kama mama yenu alivyotaka, na ardhi haijaguswa. Kwa muda tu."

Binti yangu aligeuza uso kama vile nimesema jambo chafu. Mama Makopo alikunja mikono kifuani.

"Kwa muda gani?"

"Mpaka watoto wazoee."

"Mtoto ana miaka thelathini na minane, Mita."

"Najua. Lakini mambo haya hayaendi kwa siku moja. Wewe si mtu wa haraka. Mlimau umekaa kwenye ndoo miaka kumi na miwili, miezi michache…"

"Usinihesabie," akasema. Hakupandisha sauti. "Nimeishi nyumba saba. Kila mwenye nyumba aliniambia hivyo hivyo: kaa, jisikie nyumbani, ila usichimbe. Nikawaelewa, sikumchukia hata mmoja. Nyumba ni zao. Ila wale wote saba walikuwa wananipangisha. Ni wewe peke yako uliyetaka kunioa."

"Nyumba itakuwa yako pia. Unajua nilivyosema."

"Ulisema popote. Leo nimefika, popote pamekuwa ndani ya ndoo." "Na huyu mtoto simlaumu. Anamtetea mama yake. Nami nikifa ningependa wangu wanitetee hivyo. Wewe umemtetea nani, Mita? Nionyeshe. Marehemu umemficha ili unipendeze mimi. Mimi umeniacha kwenye ndoo ili umpendeze binti. Simama upande mmoja, hata kama si wangu, nikujue."

Nikasema, "Usinibane mbele ya watu."

Katika yote niliyowahi kusema maishani, hilo ndilo ningependa kulirudisha.

Akavaa ndala zake. "Dereva," akaita, "pakia."

"Yote, mama?"

"Ulivyoyashusha."

Tulipakia pamoja. Hilo ndilo jambo la ajabu: sikumzuia, nilimsaidia. Nilibeba kopo la maziwa, nikabeba sufuria, nikabeba mchaichai, nikivipanga vizuri visigongane, kama vile upole wa mikono ungehesabiwa. Nilipoinamia ndoo ya mlimau alinishika kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi, vina udongo.

"Huo acha," akasema. "Huo una uzito."

Yeye na dereva wakauinua. Gari likaondoka kwa mwendo wa kobe. Alikaa nyuma vile vile juu ya gunia, ameukumbatia. Hakuangalia nyuma, kwa kuwa alikuwa ameketi akitazama nyuma tayari. Tulitazamana mpaka kona, na hakuna hata mmoja wetu aliyepunga mkono.

Binti yangu alinikuta nimekaa kwenye ngazi ya jikoni. Alikuwa amechemsha chai na hakuimimina.

"Baba, sikusema aondoke."

"Hukusema."

"Nilisema ndoo tu. Nilidhani utanikatalia." Akaanza kulia, analia vibaya, kama alipokuwa mdogo, kwa pua. "Nilidhani utanigombeza kama zamani, kisha uendelee na mambo yako. Ningenuna mwezi mmoja, basi. Mbona hukunigombeza?"

Nilimpa leso.

Siku tisa zilipita. Niliamka kila siku, nikaizunguka nyumba, nikagusa kuta. Nyanya ziliiva nyingi kuliko nilivyoweza kula, nikawagawia majirani, nikapokea hongera za kijinga. Siku ya kumi nilivaa shati lililopigwa pasi nikaenda hospitalini.

Chumba cha kufulia kiko nyuma kabisa, kinanguruma kama tumbo. Mvuke umefanya kuta kuwa na jasho. Mama Makopo alikuwa peke yake kwenye meza ndefu ya kukunjia, na shuka moja mkononi. Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja likakaa sawa. Mwenzake hakuwepo.

Hakushtuka kuniona. Alinitupia ncha mbili, nikazidaka.

Tulilivuta, likanyooka katikati yetu, jeupe. Akakunja, nikakunja. Akapiga hatua mbele, nami nikapiga. Vidole vyetu vikakutana kwenye pindo, akachukua ncha zangu, akainama kuokota mkunjo wa chini, tukaachana, tukavuta, tukasogeleana tena. Alinukia sabuni na joto. Tulikunja mashuka manne hivyo, na kila tulipokaribiana nilimtazama kope, naye alitazama pindo la shuka. Kwenye la tano akaniangalia. Macho yalikuwa mekundu, labda kwa mvuke.

"Rudi," nikamwambia. "Panda unapotaka. Nimekosa. Sina la kujitetea."

"Binti yako umemwambia?"

"Nitamwambia."

"Hujamwambia."

"Amekuwa akilia. Nimesubiri atulie."

Akatikisa kichwa taratibu, si kwa hasira. Bado tulikuwa tumeshika shuka, yeye huku, mimi kule.

"Mita, nikuulize kitu, nawe unijibu kama unavyosoma mita, bila kuongeza wala kupunguza. Binti yako angekuwa amesimama pale mlangoni sasa hivi, anatusikiliza, ungesema hayo uliyoyasema? Kwa sauti hiyo hiyo?"

Nilitaka kusema ndiyo. Ndiyo ilikuwepo, naiapia, ilikuwa imeshafika kooni. Lakini kabla haijatoka, shingo yangu iligeuka yenyewe, ikatazama mlango.

Mlangoni hapakuwa na mtu.

Niliporudisha macho alikuwa ameshalikusanya shuka lote upande wake. Alilikunja peke yake, juu ya kifua, kwa kidevu. Lilikaa upande. Akaliweka juu ya mengine hivyo hivyo.

"Nisikilize," nikaanza.

Nyuma yangu magurudumu yalikuwa yanakuja, mfanyakazi anasukuma mzigo wa mashuka machafu uliompita kichwa. Mama Makopo alinitazama kwa upole, ule anaowapa ndugu wa wagonjwa waliopotea njia.

"Mzee," akasema, "tafadhali sogea kidogo. Toroli linapita."

Nikasogea.